Sindano ya maji ya uzazi: mama kijacho wa Tabora aamue vipi

Kipimo tunachozungumzia hapa ni kile ambacho daktari huingiza sindano ndefu, nyembamba, tumboni kwa mjamzito huku akitazama ultrasaundi, akavuta maji kidogo yanayomzunguka mtoto au vipande vidogo vya kondo la nyuma. Ndani ya maji hayo mna chembe za mtoto mwenyewe, na chembe za kondo kwa kawaida hubeba vinasaba vile vile vya mtoto. Maabara ikizichunguza inaweza kusema kwa uhakika mkubwa kama mtoto ana kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya chembe, zilizozidi au zilizopungua, au kama amerithi ugonjwa fulani kama selimundu, ule tuliozoea kuuita sikoseli.

Zahanati hawana kipimo hiki, wala kituo cha afya. Kwa mama wa Urambo, Sikonge au Kaliua kukifuata kuna maana ya safari, siku kadhaa nje ya nyumba, fedha, na uwezekano mdogo lakini wa kweli wa mimba kuharibika. Ndiyo maana sehemu kubwa ya uamuzi inapaswa kufanyika huku huku nyumbani, kabla hujakata tiketi. Vingi vinavyosaidia kuamua vinapatikana karibu, kwa gharama ndogo, na havina sindano ya tumboni.

Kwanza: jibu likija, utafanya nini nalo?

Nimeliweka swali hili mbele ya mengine yote kwa sababu akina mama wengi huulizwa likiwa limechelewa, majibu yameshatoka. Kaa na mwenzi wako, au peke yako kama hiyo ndiyo amani yako, mfikirie majibu mawili: mtoto hana tatizo lililotafutwa, na mtoto analo. Kwa lile la pili, semeni wazi kitu gani kitabadilika.

Wapo ambao kwao kitabadilika kitu kikubwa. Anayejua mapema kuwa mtoto atahitaji madaktari wa watoto saa ile ile anapozaliwa anaweza kupanga kujifungulia Mwanza au Dar es Salaam badala ya kituo cha karibu, akaweka akiba mapema, akaongea na ndugu wa kumpokea. Yupo pia aliyewahi kumzika mtoto kwa ugonjwa wa kurithi, na miezi tisa ya kutojua inamtesa kuliko habari yenyewe. Hiyo ni sababu halali kabisa, asidharauliwe.

Wapo wanaowaza kusitisha mimba. Hapa lazima mtu aambiwe ukweli kabla hajachomwa: sheria ya Tanzania, katika Kanuni ya Adhabu, inakataza kutoa mimba, na nafasi iliyoachwa ni ya kuokoa maisha ya mama. Mtoto kuwa na ulemavu au ugonjwa wa kurithi si sababu inayokubaliwa. Anayeelezwa habari za kipimo hiki kwa maandishi ya Ulaya atakuta hatua hiyo imetajwa kama jambo la kawaida baada ya majibu. Kwetu haiko hivyo. Na njia za kificho zinaua. Ukiwa na mawazo hayo, mweleze daktari au mkunga unayemwamini.

Na wapo wengi ambao, wakijibu kwa moyo, watasema: hatutabadilisha chochote, mtoto wetu tutampokea alivyo. Kama wewe ni wa kundi hili, na huhitaji jibu kwa ajili ya kupanga mahali pa kujifungulia, maoni yangu ni kwamba sindano ina kidogo sana cha kukupa. Jibu lile lile litapatikana mtoto akishazaliwa, kwa tone la damu yake, bila kuihatarisha mimba.

Pili: jua mimba ina wiki ngapi

Kipimo cha kondo hufanyika kati ya wiki ya 11 na ya 14. Cha maji ya uzazi huanzia wiki ya 15. Kuvuta maji kabla ya wiki ya 15 kumeonekana kuongeza mimba kuharibika na watoto wenye nyayo zilizopinda, na kuchukua kondo kabla ya wiki ya 10 kumehusishwa na kasoro za viungo vya mikono na miguu. Mtu akikuambia anaweza kukuwahisha, kataa.

Kwa hiyo wiki zikihesabiwa vibaya, kila kitu kinaharibika. Hapa kwetu wengi huanza kliniki mimba ikiwa na miezi minne au mitano, tarehe ya hedhi ya mwisho wanaikisia tu. Ultrasaundi ya miezi mitatu ya mwanzo hukadiria umri wa mimba kwa tofauti isiyozidi wiki moja hivi. Ile ya mwishoni inaweza kukosea kwa wiki mbili hadi tatu. Ukikosa hedhi na una sababu yoyote kati ya zitakazotajwa hapa chini, nenda kliniki mwezi huo huo, uliza ultrasaundi, na hakikisha tarehe imeandikwa kwenye kadi. Maji yanaweza kuvutwa hata mimba ikiwa kubwa, lakini majibu yatakukuta muda wa kupanga umebaki mfupi.

Tatu: pima uzito wa sababu yako

Sababu ya kwanza, na kwa Tabora naiona kuwa ndiyo nzito, ni selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa idadi ya watoto wanaozaliwa nao, na vinasaba vyake vimeenea zaidi sehemu zenye malaria nyingi kama huku kwetu, kwa sababu aliyerithi kimoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Mtu huyo tunamwita mbebaji. Haumwi, na huenda asijue maisha yake yote.

Mtoto hupata ugonjwa pale anaporithi kutoka pande zote mbili. Baba na mama wote wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa 1 kwa 4 mtoto kuwa mgonjwa, 2 kwa 4 kuwa mbebaji, na 1 kwa 4 kutokuwa na chochote. Nasisitiza kila mimba. Nimesikia mara nyingi watu wakisema, “Mmoja ameshaumwa, watatu wanaofuata watakuwa salama.” Haiko hivyo, hesabu huanza upya kila mara.

Sasa angalia jinsi kipimo cha bei ndogo kinavyoweza kuifuta safari yote: mpime baba. Kama mama ni mbebaji na baba hana kinasaba hicho, mtoto hawezi kuwa na ugonjwa wa selimundu wa aina hii, na hakuna haja ya sindano. Uliza kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba hewa. Kile cha kawaida cha kuangalia kama chembe za damu zinajikunja hakimtofautishi mbebaji na mgonjwa. Na aliyeongezewa damu ndani ya miezi mitatu iliyopita aseme, maana damu ya mtu mwingine huvuruga majibu. Kama kuna jambo kuhusu baba wa mtoto ambalo mtaalamu anapaswa kulijua, mweleze mkiwa wawili, faragha, kabla damu haijachukuliwa. Vipimo vya kurithi havifichi.

Hata ikionekana wote ni wabebaji, bado tulia. Mtoto mwenye selimundu kwa kawaida haanzi kuumwa kabla ya miezi mitano au sita, kwa kuwa hemoglobini aliyotoka nayo tumboni humlinda. Akipimwa siku za mwanzo baada ya kuzaliwa, upo muda wa kuanza penisilini kabla ya miezi mitatu, kukamilisha chanjo, kumkinga na malaria, na baadaye kuanzishiwa hydroxyurea, dawa ya selimundu. Matibabu hayo ndiyo yanayookoa maisha yake, na hakuna hata moja linalohitaji kujulikana akiwa tumboni. Ndiyo maana familia nyingi zenye hofu ya sikoseli nazishauri zielekeze nguvu na fedha kwenye kumpima mtoto mchanga.

Sababu ya pili ni umri wa mama, unaohusiana na sindromu ya Down, hali inayotokana na kromosomu ya 21 kuwa tatu badala ya mbili. Mama wa miaka 25 ana uwezekano wa takriban 1 kwa 1,300 kumzaa mtoto mwenye hali hiyo. Wa 35, takriban 1 kwa 350. Wa 40, karibu 1 kwa 100. Wa 45, karibu 1 kwa 30. Mama wa miaka 40 anayesubiri uzao wake wa saba asikie namba hiyo kwa pande zote: akina mama 99 kati ya 100 wa umri wake watazaa mtoto asiye na hali hiyo. Na asikubali mtu yeyote, awe wifi au mhudumu, amwambie kuwa amejitakia.

Sababu ya tatu ni mtoto aliyetangulia. Kama ana sindromu ya Down, mama kijana huwa na uwezekano wa karibu 1 kwa 100 kwa mimba inayofuata, isipokuwa pale ambapo mmoja wa wazazi amebeba kromosomu zilizoungana, hapo hupanda zaidi. Chimbeni majibu ya zamani ya mtoto huyo muende nayo.

Ya nne ni ultrasaundi iliyoonyesha kitu: maji mengi nyuma ya shingo ya mtoto, kasoro ya moyo, utumbo uliotoka nje. Hii hubeba uzito kuliko umri. Lakini mgongo wazi na kichwa kikubwa huonekana kwa ultrasaundi nzuri bila sindano yoyote, na upasuaji wake hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI.

Nne: vipimo visivyo na sindano ya tumboni

Kabla ya sindano kuna vipimo vya kuchuja. Kimoja huunganisha damu ya mama na ultrasaundi ya shingo ya mtoto kati ya wiki ya 11 na ya 13. Kingine, kipya zaidi, huchunguza vinasaba vya mtoto vinavyoelea katika damu ya mama kuanzia wiki ya 10, na hugundua karibu watoto 99 kati ya 100 wenye sindromu ya Down.

Kipimo cha kuchuja hufanya kazi ya chekeche: hubakiza wanaohitaji kuangaliwa zaidi, na kubakizwa si kuumwa. Katika kile cha kwanza, kila akina mama 100 wakipimwa, takriban 5 huambiwa wako kwenye kundi la hatari, na walio wengi mno kati yao huzaa mtoto asiye na hali hiyo. Hata kile cha vinasaba hukosea, hasa kwa mama kijana. Kwa hiyo usikubali uamuzi wowote mzito kwa jibu la kuchuja peke yake. Sindano ndiyo inayothibitisha. Jibu zuri, kwa upande mwingine, huwatosha akina mama wengi wakaachana na sindano.

Tano: hatari, kwa namba

Kwa daktari mwenye uzoefu, mimba zinazoharibika kwa sababu ya kipimo chenyewe zinakadiriwa kuwa chini ya 1 kwa kila 200. Maandishi ya zamani yanasema 1 kwa 100. Hiyo ni juu ya zile ambazo zingeharibika zenyewe hata bila sindano. Uzoefu wa mkono una uzito mkubwa hapa: aliyefanya nyingi kila mwaka si sawa na anayefanya mara moja moja.

Ipime namba hiyo na ya sababu yako. Mama wa miaka 25 asiye na historia yoyote ana 1 kwa 1,300 ya kupata mtoto mwenye sindromu ya Down. Kuingia hatari ya 1 kwa 200 kuitafuta hakuna mantiki. Mama mwenye ultrasaundi iliyoonyesha kasoro mbili, hesabu yake inageuka. Kati ya hapo namba haziamui peke yake. Mama aliyehangaika miaka kumi kupata mimba hii huenda asiiweke kwenye hatari yoyote ile, na yuko sahihi.

Sita: mambo ya mwili wako yanayobadilisha mpango

Angalia kundi la damu kwenye kadi. Kama ni negativu na baba ni pozitivu, utahitaji sindano ya anti-D ndani ya saa 72 baada ya kipimo, la sivyo mwili wako unaweza kutengeneza kinga itakayoshambulia damu ya mtoto, huyu au wa baadaye. Uliza kabla kama ipo. Isije ikatafutwa ukiwa umeshachomwa.

Anayeishi na VVU aende na kadi ya CTC, yaani ya kliniki ya matibabu ya VVU, na jibu la karibuni la wingi wa virusi. Virusi vikiwa vimefubaa, hatari ya kumwambukiza mtoto kupitia sindano ni ndogo mno. Vikiwa bado viko juu, kipimo kisubiri dawa zifanye kazi. Homa ya ini B nayo ipimwe kabla. Mwenye mapacha ajue kuwa kila mtoto huenda akahitaji kuchomewa sindano yake.

Saba: nyumbani

Mama mkwe atakuwa na neno, shangazi atakuwa na neno, na shemeji anayelipa nauli atakuwa na maneno mawili. Wasikilize wale unaotaka. Kama imani yako inakuongoza, nenda kwa padri, mchungaji au shehe mapema, usingoje majibu ya kutisha. Lakini ridhaa ni yako, maana tumbo ni lako na hatari inakaa ndani yako. Ukishasaini fomu, bado unaweza kusema hapana hata ukiwa umelala kitandani. Daktari anayekasirika kwa hilo ndiye mwenye kasoro.

Maneno ambayo huwa yanasaidia kwa wakubwa wa nyumba: “Mama, kipimo hiki hakimtibu mtoto, kinatupa habari tu. Tunataka kwanza tujue kama habari hiyo tunaihitaji.”

Nane: kabla ya safari

Anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, au kama uko Igunga, Nkinga, umwone daktari wa magonjwa ya wanawake. Yeye ndiye atakayeandika barua ya rufaa, kwenda Bugando (Mwanza), Benjamin Mkapa (Dodoma) au Muhimbili (Dar es Salaam). Usiondoke na barua mkononi ukatumaini tu. Mwombe apige simu kule, na maswali yawe haya: kipimo kinafanyika sasa, na nani anakifanya? Amefanya vingapi mwaka huu, na mimba ngapi ziliharibika? Sampuli inachunguzwa wapi, na majibu yanachukua muda gani? Gharama yote ni kiasi gani, na bima inagusa sehemu ipi? Nani atanieleza majibu, na nitapewa nakala?

Kuna swali moja ambalo husahaulika: maabara itatafuta nini hasa? Kuhesabu kromosomu hakuonyeshi selimundu. Kama sababu yako ni sikoseli, lazima iandikwe kwenye fomu, na maabara iwe na kipimo cha kinasaba hicho, pamoja na damu ya wazazi wote wawili. Ukikosa hilo unaweza kurudi Tabora na karatasi inayosema kila kitu ni sawa, kumbe walichoangalia si kile ulichokifuata.

Kwenye bajeti weka nauli ya watu wawili na malazi ya angalau usiku mbili baada ya kipimo. Wanaotegemea fedha ya tumbaku wakumbuke kuwa wiki za mimba hazisubiri masoko. Mpango uanze mapema.

Tisa: siku yenyewe, na siku zinazofuata

Utalala chali, ultrasaundi itapitishwa kumtafuta mtoto na mahali penye maji, ngozi itasafishwa. Sindano hukaa ndani kwa dakika chache tu. Huvutwa mililita 15 hadi 20, sawa na vijiko vitatu au vinne vya chai, na mwili huyarudisha maji hayo. Kwa kondo, njia inaweza kuwa tumboni au kupitia ukeni, kutegemea lilipojishika. Wengi husema inabana kama maumivu ya hedhi. Baadaye mapigo ya moyo wa mtoto huangaliwa, omba uyaone.

Usipande basi la Nzega au Tabora siku hiyo. Kaa karibu na hospitali. Kwa siku mbili usibebe ndoo kichwani, usishike jembe, usifanye tendo la ndoa, na bodaboda za makorongo ziache. Rudi hospitali haraka ukiona maji yanatiririka ukeni, damu, uchafu wenye harufu, maumivu ya tumbo yanayozidi, homa au kutetemeka. Wiki mbili za kwanza ndizo za kuwa macho zaidi.

Kuhusu homa nina neno la ziada. Hapa kwetu mjamzito mwenye homa hupimwa malaria, na hata kipimo kikionyesha hana, wengine hupewa mseto arudi nyumbani. Homa baada ya sindano hii inaweza kuwa maambukizi ndani ya mfuko wa uzazi, ambayo hayasubiri. Neno la kwanza ukifika mapokezi liwe: “Nilichomwa sindano ya maji ya uzazi tarehe fulani.” Na liandikwe kwenye kadi ya kliniki kabla hujatoka hospitali uliyochomewa.

Kumi: kusoma majibu

Jibu la haraka kuhusu kromosomu chache hutoka kwa siku tatu hivi maabara ikiwa na uwezo. Hesabu kamili huchukua wiki mbili hadi tatu, na zaidi sampuli ikisafirishwa. Mara chache chembe hukataa kukua na jibu halipatikani. Kwa kipimo cha kondo, kama 1 hadi 2 kati ya 100 hutoka jibu la mchanganyiko, kondo likiwa na tofauti ambayo huenda mtoto hana, na hapo maji huvutwa ili kuhakikisha. Karatasi pia inaweza kutaja jinsia; kama hutaki kujua, sema mapema.

Jibu zuri linahusu kilichotafutwa tu. Halizungumzii mdomo sungura, wala usonji, wala kila kasoro ya moyo. Jibu lenye tatizo usilipokee kwa simu ukiwa sokoni. Omba ukae na daktari, uwe na mtu wako, na uulize: hali hii inamaanisha nini kwa mtoto, nijifungulie wapi, nani amwone siku ya kwanza? Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na tatizo la moyo, hivyo kipimo cha moyo kipangwe mapema. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete hufanya upasuaji wa watoto wa aina hii.

Ukisema hapana

Kukataa sindano hakukuondoi kliniki. Fanya ultrasaundi ya kina kati ya wiki ya 18 na ya 22, jifungulie hospitali yenye daktari, na mwambie mkunga mapema hofu uliyokuwa nayo ili mtoto akaguliwe vizuri ndani ya saa 24. Kama mlikuwa wabebaji wa selimundu, mtoto atolewe tone la damu kisiginoni kabla hamjaruhusiwa, au katika hudhurio la kwanza la chanjo, na majibu yake yabandikwe kwenye kadi yake ya kliniki ili kila atakayemtibu ayaone.